Sindano ya Mapafu na Hesabu ya Chembe Nyeupe: Akina Mama wa Njia ya Mai Mahiu

Gari litokalo Nairobi kwa njia ya chini huteremka ukuta wa Bonde la Ufa, hupita kando ya kijikanisa kilichojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliotiwa kuikata barabara ile, kisha hufika tambarare katika mji wa Mai Mahiu. Jina hilo ni la Kikikuyu, na maana yake ni maji ya moto. Hapo njia hugawanyika: mkono mmoja waelekea Narok, wa pili wapita chini ya mlima Longonot kwenda Naivasha, Nakuru na mbele hadi mpaka wa Uganda. Malori yapakiayo bandarini kwetu Mombasa hupumzika hapo usiku na mchana, na wako jamaa zetu wa Pwani waliofuata biashara au ndoa wakafanya maskani katika miji ya njia hiyo. Ndiyo sababu tumeona wiki hii tulizungumze jambo moja la hospitali tukilitazama kutoka mji ule, ingawa lingeweza kutokea Mariakani au Garsen vilevile.

Tupige mfano, wala si habari ya mtu fulani. Mama ana mimba ya wiki 30. Yupo Mai Mahiu kwa mumewe. Usiku, baada ya sala ya Isha, chupa yapasuka na maji yamwagika kabla ya wakati wake. Jirani amfunga kanga, gari latafutwa, na ilipofika saa nne usiku yumo katika hospitali ya kwanza iliyopatikana. Wauguzi wamchoma sindano ya deksamethasoni kwa ajili ya mapafu ya mtoto, kisha, kwa kuwa hapo hapana chumba cha kulelea watoto wasiotimia, wampakia katika gari la wagonjwa na kumpeleka hospitali kubwa. Alfajiri damu yake yapimwa huko. Karatasi ya maabara yarudi na hesabu ya chembe nyeupe 17,000 katika kila mikrolita moja ya damu, na aina iitwayo limfosaiti imeshuka mno. Barua aliyokuja nayo yasema tu kwamba mgonjwa "amepewa dawa."

Daktari aliyeishika karatasi hiyo ana maswali mawili, na kila moja lina jibu lake zito. Ikiwa chembe zimepanda kwa sababu uchafu umeingia katika nyumba ya uzazi, basi mtoto hana budi kutolewa mara moja, hata akiwa na wiki 30, kwa kuwa kukaa kwake ndani ni hatari kwake na kwa mamake. Ikiwa hapana uchafu wowote, basi kila siku atakayobaki tumboni ni faida, na dawa aliyochomwa mamake inahitaji muda ili ifanye kazi. Hesabu ile ile ya chembe yaweza kuonekana katika hali zote mbili. Kitu kinachoweza kumwongoza daktari ni kujua kwamba sindano ilikuwa deksamethasoni, na kwamba ilichomwa saa nane kabla ya damu kutolewa.

Dawa za jamaa hii huitwa kotikosteroidi, au kwa ufupi steroidi, nazo ni nakala za kitu ambacho Mwenyezi Mungu amekiweka mwilini mwetu tangu awali. Juu ya kila figo pana tezi ndogo iitwayo adrenali, na tezi hiyo hutoa kotisoli, ambayo hupanda alfajiri tunapoamka na kushuka usiku. Kotisoli hutusaidia kustahimili njaa, maradhi na hofu, na pia huzuia majeshi ya mwili yasipigane kupita kiasi. Mnamo Septemba 1948, huko Rochester katika jimbo la Minnesota, Marekani, daktari Philip Hench alimpa dawa ya aina hii mwanamke aliyekuwa akiteswa na maradhi ya viungo, na baada ya siku chache mwanamke huyo akaweza kutembea. Hench na wenzake wawili, Kendall na Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950.

Na hapa pana jambo ambalo watu wa Pwani wana haki ya kulijua. Dawa ile mwanzoni ilikuwa ghali kwa kuwa ilitengenezwa kwa nyongo ya ng'ombe, kwa hatua nyingi mno. Wanakemia wakatafuta mmea wa kuwarahisishia kazi, na mmojawapo waliouona ni mkonge. Katika maji yanayobaki baada ya kukwangua nyuzi, yale maji machafu yaliyokuwa yakimwagwa, mlikuwamo kitu kiitwacho hekojenini. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Glaxo ya Uingereza ilitumia hekojenini iliyotoka katika mkonge wa Afrika Mashariki kutengenezea steroidi. Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya Tanga na kwingineko, huku wakilalamikia mwasho wa maji ya mkonge mikononi, hawakuambiwa kwamba humo mlikuwa na dawa ya mwasho wa ulimwengu.

Turejee kwenye damu. Chembe nyeupe ndizo askari wa mwili, nazo si kabila moja. Walio wengi huitwa nutrofili. Hao ndio wakimbiliao kidonda na bakteria, wakala na kufa humo, na usaha tuuonao ni mabaki yao. Limfosaiti ni wale wenye kumbukumbu: hutambua adui waliyewahi kumwona, hutengeneza kingamwili, na humo wamo hao wanaohesabiwa kwa jina la CD4. Eosinofili hushughulika na minyoo, na pia ndio wachochezi wakubwa wa pumu na mizio. Wapo na monosaiti, na basofili ambao ni wachache mno.

Mtu akipewa steroidi, askari hao hubadili mahali pao kwa namna ya ajabu. Katika hali ya kawaida karibu nusu ya nutrofili zilizo katika mishipa hazielei na damu. Zimejishikiza kwenye kuta za mishipa, mfano wa mashua zilizofungwa gatini. Sindano ya maabara inapovuta damu, huvuta zile zinazoelea tu, na zile zilizofungwa hazihesabiwi. Steroidi hulegeza kamba. Nutrofili hubanduka kutani na kuingia mkondoni. Wakati huohuo uboho wa mifupa hutoa nyingine zilizokuwa ghalani, na zile ambazo zingekufa siku hiyo hurefushiwa umri. Basi hesabu hupanda kwa saa chache, na mtu akitazama karatasi hudhani mwili umeita jeshi lipigane vita, ilhali vita havipo. Tena askari hao waliobanduka, kwa vile wamekosa kushika kuta, hushindwa kupenya mishipa kufika mahali penye maradhi. Wengi njiani, wachache kazini.

Limfosaiti huenda kinyume. Hizo huondoka katika damu na kujificha, nyingi zikirudi katika uboho na sehemu nyingine za mwili. Mwaka 1974, katika taasisi za afya za taifa huko Marekani, madaktari wawili, Anthony Fauci na David Dale, waliwapa watu wazima wenye afya dozi moja ya haidrokotisoni na kuipima damu yao kwa saa nyingi mfululizo. Waliona limfosaiti zikishuka hadi kikomo kati ya saa nne na saa sita baada ya dawa, kisha zikirudi kama zilivyokuwa baada ya saa 24. Zile za aina ya T zilishuka zaidi kuliko za aina ya B. (Huyu Fauci ndiye ambaye ulimwengu mzima ulikuja kumwona katika televisheni wakati wa Korona, akiwa mzee.) Faida ya uchunguzi ule ni kwamba ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya limfosaiti hizo hazifi, zimehama, nazo hurejea. Dozi kubwa za siku nyingi huziua baadhi yake kwa kweli, lakini dozi moja hasa huzihamisha.

Eosinofili nazo karibu hutoweka kabisa. Jambo hilo lilijulikana mapema kiasi kwamba mwaka 1948 daktari George Thorn alilifanya kipimo: kama tezi za adrenali za mgonjwa zinafanya kazi, basi zikichochewa, eosinofili za damu zitashuka. Leo vipimo vizuri zaidi vimechukua nafasi yake. Mtu mwenye pumu aliyetoka kumeza prednisoloni asishangae akiambiwa kwamba damu yake haina eosinofili. Ndivyo dawa ifanyavyo, na ni sehemu ya namna inavyomtuliza kifua.

Kwa mama yule wa mfano wetu, sasa tuseme hesabu. Mtu mzima asiye mjamzito kwa kawaida huwa na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 kwa mikrolita. Ujauzito wenyewe huzipandisha, na uchungu wa uzazi huzipandisha zaidi. Sindano za steroidi huongeza tena kiasi cha theluthi moja ndani ya siku ya kwanza, na limfosaiti hushuka karibu nusu. Baada ya siku tatu au zaidi kidogo hali hurudi. Deksamethasoni ni dawa ndefu, kazi yake mwilini hudumu siku moja na nusu hadi mbili, na wajawazito hupewa dozi nne za miligramu 6 kila baada ya saa 12. Kwa hiyo yule daktari wa alfajiri alikuwa akisoma damu iliyokuwa bado katikati ya badiliko.

Liko jambo la pili linalowahusu watu wetu hasa. Wengi wa wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara kwa kawaida wana nutrofili chache kuliko Wazungu, wakiwa wazima kabisa, kwa sababu ya urithi ule ule uliowakinga mababu na aina moja ya malaria, ile ya vivaksi. Vitabu vingi vya hospitali viliandikwa kwa hesabu za Ulaya. Mama ambaye siku zote ana chembe 4,000 zikipanda hadi 9,000, karatasi itasema yuko sawa, na huenda mwilini mwake pana jambo. Hesabu moja peke yake ina maneno machache. Hesabu mbili za mtu yule yule, ya kabla na ya baada, husema mengi zaidi. Tungependa kila mama ahifadhi karatasi za vipimo vya kliniki ya kwanza hata kama zilitoka salama.

Daktari mwenye uzoefu hatosheki na jumla. Atauliza ni nutrofili za umri gani zilizo katika damu. Maambukizi makali hulazimisha uboho kutoa hata zile changa ambazo hazijakomaa. Steroidi kwa kawaida hutoa zilizokomaa. Atamtaka mtu wa maabara azitazame kwa darubini, asitegemee mashine pekee. Ataomba kipimo kiitwacho CRP kama kipo. Zaidi ya yote atamtazama mama mwenyewe: joto, mapigo ya moyo wake na ya mtoto, maumivu ya tumbo anapoguswa, harufu ya maji yanayotoka. Naye atakumbuka kwamba steroidi huweza kuificha homa, basi kukosa homa hakumpi utulivu kamili. Hayo yote ni rahisi zaidi kwa anayejua kwamba sindano imechomwa kuliko kwa asiyejua.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa sindano hii inaleta mashaka haya, ya nini kuichoma? Jibu lake lina historia ndefu. Katika miaka ya 1960, huko Auckland, New Zealand, daktari Mont Liggins alikuwa akichunguza jinsi uchungu unavyoanza kwa kondoo. Aliona kwamba wanakondoo waliozaliwa kabla ya wakati baada ya kupewa steroidi waliweza kupumua kuliko ilivyotarajiwa. Yeye na mwenzake Ross Howie wakawajaribia wajawazito, na mwaka 1972 wakatangaza kwamba watoto wa akina mama waliochomwa walipata taabu ndogo zaidi ya kupumua. Mapafu ya mtoto asiyetimia hukosa ute unaozuia vifuko vya hewa visishikane. Steroidi huyaharakisha yautoe.

Hapo ndipo Kenya inapoingia, na inaingia mara mbili, kwa majibu mawili yasiyofanana. Mara ya kwanza ni uchunguzi uliotolewa mwaka 2015, uliofanywa katika nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo pamoja na Zambia, India, Pakistan, Argentina na Guatemala. Karibu uzazi 100,000 ulihesabiwa. Nia ilikuwa kuifikisha sindano hadi zahanati na vijijini. Matokeo yalihuzunisha: watoto wadogo hawakuokoka zaidi, vifo vya watoto wachanga kwa jumla viliongezeka, na akina mama walioshukiwa kupata maambukizi wakawa wengi zaidi. Wengi waliochomwa hawakuzaa kabla ya wakati hata kidogo, na mahali pengi hapakuwa na huduma ya kumpokea mtoto mdogo.

Watu wengi wangeiacha dawa hapo. Shirika la Afya Duniani likauliza upya, safari hii katika hospitali 29 zenye uwezo, katika Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh. Wajawazito 2,852 wenye mimba ya wiki 26 hadi karibu 34 waliandikishwa, kila mmoja umri wa mimba yake ukiwa umepimwa, nusu wakapewa deksamethasoni na nusu maji matupu. Matokeo yalitolewa mwaka 2020. Katika waliopewa dawa, watoto wachanga waliofariki walikuwa asilimia 19.6, katika wasiopewa, asilimia 23.5. Maana yake, kwa kila akina mama 25 waliochomwa, mtoto mmoja aliokoka ambaye angekufa. Na maambukizi kwa akina mama hayakuongezeka. Walioshukiwa kuwa nayo walikuwa asilimia 4.8 upande wa dawa na 6.3 upande wa pili.

Dawa ni moja na sindano ni moja, na hukumu ni mbili. Sisi twaona tofauti imekaa katika mambo ya pembeni: umri wa mimba unajulikana kwa hakika au kwa kukisia, mama amechunguzwa maambukizi kabla ya kuchomwa au la, mtoto atazaliwa penye oksijeni, joto na muuguzi, au njiani. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani hushauri sindano hii kwa masharti, na mojawapo ni kwamba pasiwe na dalili ya maambukizi kwa mama. Mtu asiende kuinunua dukani kwa kuwa shoga yake alichomwa.

Na katika miji ya barabarani kama Mai Mahiu, jambo la dukani ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Usiku huwa baridi chini ya ule ukuta, mchana huwa vumbi, na kifua kikimbana dereva hana muda wa foleni. Katika maduka ya dawa ya njia kuu, si hapo tu, mtu huweza kuuziwa sindano "ya nguvu" au vidonge vidogo bila kuelezwa jina. Mara nyingi kilichomo ni deksamethasoni au prednisoloni. Hupata nafuu kwa haraka, na ndiyo inayowadanganya watu. Akifika Eldoret au Malaba na homa, damu ikipimwa, chembe zake hazisomeki sawasawa, naye akiulizwa hujibu kwamba hakumeza kitu ila "dawa ya kifua."

Tusieleweke kwamba steroidi ni adui. Zinaokoa wenye pumu kali kila siku. Wakati wa Korona, tarehe 16 Juni 2020, wachunguzi wa Uingereza walitangaza kwamba deksamethasoni ilipunguza vifo kwa kiasi cha theluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa katika mashine za kupumulia, na kwa tano moja kwa wanaopewa oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuwafaa. Hapo tena, dawa moja, hukumu kwa hali ya mgonjwa. Walionufaika ni wale ambao majeshi ya miili yao yalikuwa yakivunja nyumba yaliyotumwa kuilinda.

Ila anayezimeza kwa wiki nyingi hubaki na ulinzi mwembamba. Kifua kikuu kilicholala mwilini huweza kuamka. Hatari hutajwa hasa kwa anayemeza prednisoloni miligramu 15 au zaidi kwa siku kwa mwezi mmoja au zaidi. Yupo pia mnyoo mdogo wa udongo wenye unyevu aingiaye kwa nyayo, strongiloidi, awezaye kukaa ndani ya mtu miaka mingi bila kujulikana. Eosinofili zikitoweka kwa steroidi, mnyoo huyo huzaana bila kizuizi hadi huua. Aliyekulia akitembea bila viatu shambani na anaanza dozi kubwa ya steroidi ana haki ya kumwuliza daktari kama apimwe au apewe ivermektini kwanza. Aliye na virusi vya UKIMWI naye amkumbushe mpimaji kwamba ametumia steroidi, kwani hesabu ya CD4 huweza kushuka kwa muda bila maradhi yake kuzidi.

Akina mama watuwie radhi tukiutaja na mkorogo. Ndani ya baadhi ya vikopo hivyo vya kung'arisha ngozi, mbali na haidrokwinoni na zebaki, hupatikana klobetasoli, steroidi yenye nguvu kuliko nyingi za hospitali, ikipakwa mwili mzima kila siku. Ngozi huinywa. Huko Dakar, Senegal, wachunguzi waliowapima wajawazito wanaopaka dawa kali za aina hii walikuta kotisoli katika damu yao imeshuka, ishara kwamba tezi zao zilikuwa zimeacha kazi kwa kuwa kazi imefanywa na kikopo. Mwanamke wa namna hiyo akija kujifungua, haandikwi katika kitabu kuwa anatumia steroidi, kwa kuwa haoni kwamba anazitumia. Kwa daktari, hiyo ni siri yenye madhara. Tunamwomba amwambie muuguzi pembeni. Muuguzi wa kike amesikia makubwa kuliko hayo.

Kwa kuwa tezi hulala, anayezitumia kwa muda mrefu asiache ghafla. Hapa Ramadhani inahusika. Wako wanaoweka vidonge kando ili saumu itimie. Aliyezoea prednisoloni akiiacha kwa siku chache huweza kulegea, kutapika, pumzi ya damu ikashuka akazimia. Dini imempa mgonjwa ruhusa iliyo wazi ya kula na kulipa siku nyingine, na mjamzito anayejihofia au kumhofia mtoto wake naye amepewa nafasi. Anayeweza kufunga huweza kumwuliza daktari kama dozi ya asubuhi ihamishiwe wakati wa daku, pamoja na chakula. Hilo laulizwa mwezi wa Shaabani, si siku ya kwanza ya mfungo.

Sasa ile karatasi. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, baada ya mvua nyingi, maji yaliyokuwa yamezuiliwa kwenye tuta la reli ya zamani huko juu yalibomoka na kushuka juu ya vijiji vya Mai Mahiu. Watu zaidi ya 40 waliangamia, Mwenyezi Mungu awape subira walioachwa, na nyumba zikachukuliwa pamoja na vilivyokuwamo. Katika kisa kama hicho kijitabu cha kliniki hakipatikani tena. Kilichosalia ni kichwa cha mtu. Kwa hiyo jina la dawa lifunzwe kama jina la mtoto: mama ajue, na mume ajue, na mama mkwe ajue. Picha ya barua ya rufaa ikipigwa kwa simu na kutumwa kwa ndugu aliye mji mwingine, hiyo nayo ni akiba.

Na saa iandikwe vizuri, kwani hapo pana mtego wa lugha yetu wenyewe. Sisi husema saa nne usiku. Karatasi ya hospitali huandika 22:00. Mama akiulizwa lini alichomwa akajibu "saa nne," na anayeandika akatia tarakimu 4, tayari saa sita zimepotea, na katika saa sita limfosaiti huwa zimeshuka hadi mwisho. Afadhali aseme: baada ya Isha, kabla sijapanda gari. Au amwombe muuguzi wa kwanza aandike kwa kalamu juu ya barua ile jina la dawa, miligramu, saa, na ni sindano ya ngapi kati ya nne, na kama damu ilichukuliwa kabla ya kuchoma. Hiyo damu ya kabla, hata ikiwa tone moja lililopimwa katika mashine ndogo, ndiyo ambayo daktari wa hospitali ya pili angeitafuta kwanza. Mama wa mfano wetu angefika nayo Nakuru mkononi, 12,000 ya saa nne usiku karibu na 17,000 ya alfajiri, joto lake likiwa la kawaida na tumbo lake halimuumi, na daktari angemwambia alale, asubiri sindano ya pili saa nne ya asubuhi, kisha damu irudiwe.